Neno "Imeisha" na Mlo Mwema: Sajili ya Hotelini kwa Mgeni wa Jiji

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza si la isimu hata kidogo: mtu atokaye Kiambere, katika nyanda kavu za Mbeere, afikapo Nairobi kwa mara ya kwanza na njaa ikambana, atajuaje pa kula? Pesa zake ni chache, tumbo lake ni moja, na hana mwenyeji wa kumshika mkono. Tunadai kwamba msaada wa karibu zaidi alio nao ni lugha, na hasa kile kipengele cha isimujamii kiitwacho sajili ya hotelini, ambacho karibu kila mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya amekikariri kwa ajili ya mtihani kisha akakiacha mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Msomaji aliyepitia shule ya sekondari nchini humo anakumbuka jinsi sehemu hii inavyofundishwa. Katika karatasi ya pili ya mtihani wa KCSE (102/2), isimujamii imetengewa alama 10, na sajili ya hotelini, ambayo vitabu vingine huiita sajili ya mkahawani, ni miongoni mwa zile zinazotarajiwa sana. Mwanafunzi hupewa mazungumzo mafupi, aghalabu ya kuchekesha, ambamo mhudumu anauliza, "Kuku ni nani?" na mteja anajibu, "Kuku ni mimi." Kisha hutakiwa kuitambua sajili na kutaja sifa zake: lugha ya mkato, kuchanganya ndimi, msamiati wa vyakula, mteja kuitwa kwa jina la chakula alichoagiza. Anazitaja, anapata alama zake, basi. Swali la kwa nini sifa hizo zipo, na zinamfaa nani, haliulizwi. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo somo lilipofaa kuanza.

Halliday alitufunza kuwa sajili huamuliwa na mambo matatu: shughuli inayofanyika, uhusiano wa wahusika, na njia ya mawasiliano. Ikiwa ndivyo, basi mtu anaweza pia kuifuata njia hiyo kinyumenyume, akasikia maneno kwanza na kutokana nayo akakisia shughuli na uhusiano uliopo. Daktari husikiliza kifua ili ajue hali ya mapafu asiyoyaona. Mgeni naye asikilize ukumbi ili ajue hali ya jiko asiloliona.

2.0 Hoteli isiyohitaji kibao

Kiambere iko Mbeere Kusini, katika Kaunti ya Embu, kando ya Mto Tana. Wengi hulijua jina hilo kwa sababu ya bwawa la umeme lililokamilika mwaka wa 1988, la mwisho kujengwa kati ya mabwawa matano yaliyopangana mtoni humo: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Ng'ambo ya mto ni Kitui, kwa hiyo Kimbeere na Kikamba husikika pamoja sokoni, na Kiswahili huwa daraja kati ya hizo mbili. Ni nchi ya mtama, mawele, kunde, ndengu na mbuzi. Na tangu bwawa lijae maji, ni nchi ya samaki pia.

Hoteli ya sokoni katika mazingira kama hayo ni chumba cha mabati chenye benchi mbili tatu, meza iliyofunikwa kwa plastiki, chupa kubwa za chai na bakuli la mandazi. Hakuna orodha ya vyakula, wala haina haja ya kuwapo. Kila alaye anamjua apikaye, anajua maji yalitekwa wapi, na anajua mbuzi aliyechinjwa asubuhi alikuwa wa boma gani. Aliyechinja mnyama mgonjwa hujulikana kabla nyama haijaiva. Hata pale ambapo mwenye hoteli ameandika jina ukutani, wenyeji hawalitumii; wao husema wanaenda kula "kwa mama fulani". Kwa ufupi, kuchagua pa kula kijijini ni elimu ya watu. Jengo halihusiki.

Safari ya kwenda Nairobi humvua msafiri elimu hiyo hatua kwa hatua. Huko Kiritiri bado kuna watu wamjuao. Embu kuna jamaa mmoja au wawili. Anapita Mwea penye mashamba ya mpunga, anaingia barabara ya Thika, na mwisho anashuka katika Barabara ya Accra, kwenye steji ambayo kwa miaka mingi imetumiwa na magari ya Embu na Meru. Steji hiyo huitwa Tea Room, yaani chumba cha chai kwa Kiingereza. Kichekesho ni kwamba jina la kwanza analolikuta mgeni mwenye njaa ni jina la nyumba ya vinywaji, lakini yeye analitumia kwa maana ya mahali pa kupandia gari. Huo ndio utangulizi wake kuhusu majina ya jiji.

3.0 Majina yadanganyayo

Tuanze na neno hoteli lenyewe. Kamusi zetu hulihusisha na nyumba ambamo wageni hulala na kula kwa malipo. Mwalimu naye humsahihisha mwanafunzi: pa kula tu ni mkahawa, pa kulala ni hoteli. Lakini katika Kenya ya bara, hoteli ni pa kula. Mtu akisema "twende hotelini" saa saba mchana hakuna amshukuye kuwa anatafuta kitanda. Atakaye kulala huuliza lojingi. Nchini Tanzania pa kulala pa bei nafuu ni gesti, na pa kula ni mgahawa au kwa mama ntilie. Neno hili la mwisho lina asili nzuri: ni sauti ya mteja mwenyewe, "mama, nitilie", iliyogeuka kuwa jina la amhudumiaye. Wapo walioona kwamba linadunisha, ndipo likazuka jina la adabu zaidi, mama lishe. Nairobi hatuna jina la namna hiyo kwa mpishi. Tuna jina la banda lake tu, kibanda, ambalo vijana wamelirefusha kwa mzaha kuwa kibandaski.

Mkahawa umetokana na shina lile lile la kahawa, na kahawa tuliipata kwa Waarabu. Wenyeji wa Ghuba hutamka gahwa pale Kiarabu sanifu kinaposema qahwa. Si ajabu basi kwamba sisi tuna mkahawa na mgahawa vikiishi bega kwa bega. Jambo lenye uzito kwa mgeni wetu ni hili: neno mkahawa, alilofundishwa kuwa ndilo sahihi, hataliona kwa urahisi katika vibao vya Nairobi. Ataona maneno ya Kiingereza na Kifaransa. Na akiliuliza mtaani, atajibiwa kwa heshima ile apewayo mtu aliyetoka Tanzania.

Kuna mtego mwingine mkubwa zaidi. Mahali ambapo pengine atapata mlo bora wa siku, yaani mbuzi wa kuchoma na ugali, hapaitwi hoteli wala mkahawa. Panaitwa bucha. Nyama mbichi inaning'inia dirishani, mizani iko mezani, na nyuma kuna jiko la makaa na viti. Asomaye kibao kwa kamusi atadhani ni duka la kununua nyama ya kupeleka nyumbani, naye apite. Masoko yanayosifika kwa nyama choma jijini, kama vile Kariokor, Burma na Soko la Kenyatta, hayana hata dokezo la chakula katika majina yao. Kariokor ni matamshi yetu ya jina la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jina lile lile lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam. Burma nayo hukumbusha nchi ya mbali walikopigana askari wetu katika vita vya pili. Mtu hula mbavu za mbuzi chini ya majina ya vita na hazimkwami kooni.

Kwa hiyo kibao hakisemi kweli, wala hakisemi uongo. Kinasema mambo mengine. Tusikie sasa kinachosemwa ndani.

4.0 "Kuna?"

Mazungumzo yafuatayo tumeyatunga kwa kufuata mtindo wa kawaida wa hoteli ya wafanyakazi katikati ya jiji, wakati wa chakula cha mchana.

Mhudumu: Karibu, mkubwa. Nikupatie?
Mteja: Kuna?
Mhudumu: Kuna ndengu, maharagwe, matumbo, nyama karanga. Mboga ni sukuma na managu.
Mteja: Samaki?
Mhudumu: Samaki imeisha.
Mteja: Managu ni ya leo?
Mhudumu: Ya leo. Ya jana iliisha jana.
Mteja: Basi ugali managu, na ndengu kando.
Mhudumu (akiita jikoni): Ugali managu moja! Ndengu moja kando!

Mtahini ataona hapa lugha ya mkato. "Kuna?" ni sentensi nzima isiyo na nomino, na "Nikupatie?" haina yambwa ya kitu. Upatanisho umelegea pia: "samaki imeisha" badala ya "samaki amekwisha", jambo ambalo limezoeleka katika Kiswahili cha Nairobi na ambalo, kwa kweli, lina mantiki yake, kwani samaki wa sahani si kiumbe tena. Hayo yote ni sawa. Lakini mgeni wetu asiishie hapo. Aulize: ni jiko la namna gani linalozungumza hivi?

Ni jiko linaloisha. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote katika mazungumzo haya. Penye "imeisha" pana chungu kilichopikwa leo kwa kipimo, wateja waliotangulia wakakipenda, na mwenye nyumba asiyeona haya kukiri kuwa sufuria i tupu. Kinyume chake ni ile nyumba ambayo ukiuliza "Kuna?" hujibiwa, "Kuna kila kitu, wewe sema tu." Saa nne asubuhi kuna kila kitu; saa tatu usiku bado kuna kila kitu. Vyakula thelathini katika orodha, na hakuna hata kimoja kilichoisha. Chakula hicho kimekaa wapi? Kimekaa kwenye jokofu, na baada ya jokofu kitapashwa moto. Umeme unaozalishwa pale Kiambere, megawati 168 kwa mitambo yake ya sasa, huingia katika gridi ya taifa na hapana shaka sehemu yake huendesha majokofu ya Nairobi. Ni ajabu kwamba mtoto wa Kiambere, aliyelelewa kwenye nyama ya kuchinjwa na kuisha siku hiyo hiyo, anakuja kuliwa pesa zake na jokofu linalotumia maji ya mto wao.

Hatusemi kwamba jokofu ni baya. Tunasema kwamba jibu la "kuna kila kitu" ni jibu la muuzaji, na "imeisha" ni jibu la mpishi.

Sifa ya pili tuliyofunzwa kuikariri ni mteja kuitwa kwa jina la chakula. Dakika chache baadaye mhudumu atatoka na sahani tatu mkononi na kuuliza kwa sauti, "Ugali managu ni nani?" Vitabu hulitaja jambo hili kama kichekesho. Ukweli ni kwamba ni mfumo wa hesabu. Mhudumu anashika meza kumi bila kalamu. Jina la mtu halijui na halimsaidii, ila jina la sahani linabeba mambo matatu kwa pamoja: nani ale nini, nani bado hajapata, na nani alipe kiasi gani. "Ugali managu analipa" humtosha mwenye kukaa mlangoni na pesa. Mbinu hiyo hufanya kazi pale tu ambapo vyakula ni vichache na bei zake zimekaa vichwani mwa wote. Kwa hiyo ukiisikia, jua kwamba bei ni moja kwa kila mtu. Hutapandishiwa kwa sababu ya viatu vyako vyenye vumbi la Mbeere.

Sikiliza pia wale wasioitwa kwa chakula. Katika kila hoteli njema kuna mteja ambaye haulizwi. Anaingia, anaketi, na mhudumu anaita jikoni, "Ile ya mzee!" au anamwambia, "Mama, leo kama jana?" Vionyeshi hivi, ile, kama jana, ile yako, havina maana pasipo historia ya pamoja. Vinathibitisha kwamba mtu huyo alikula hapa jana, akaamka salama, akarudi. Ushahidi huo ni bora kuliko nyota tano za mtandaoni zilizotolewa na mtu usiyemjua, mwenye mfuko usio wako, aliyekula mara moja akapiga picha akaondoka. Nyumba ambayo kila aingiaye anahojiwa upya kuanzia "karibu" hadi bili ni nyumba ya wapita njia. Zilizo karibu na steji nyingi ni za aina hiyo, na shauri letu kwa mgeni ni kutembea walau mitaa miwili kutoka steji kabla hajaketi.

Neno moja kuhusu wali. Mgeni wetu alifundishwa vizuri: mpunga uko shambani, mchele uko gunia, wali uko sahani. Hotelini Nairobi atasikia watu wakiagiza "mchele maharagwe", na mchele huo umeiva. Lugha nyingi za Mlima Kenya hazitenganishi ulio mbichi na uliopikwa, na wasemaji wake wameuhamishia Kiswahilini utaratibu huo. Asicheke, wala asimsahihishe mhudumu wakati wa msongamano. Aulize tu kama ni wa pishori, ule wa Mwea aliyoipita asubuhi, maana hapo bei na harufu hubadilika.

5.0 Penye mizani

Katika bucha sajili hubadilika, kwa sababu shughuli yenyewe ni nyingine. Mteja hachagui chakula. Anachagua kipande cha mnyama. Maneno yanayotawala ni robo, nusu, kilo, mbavu, mguu, mafuta, na kitenzi pima. Hapa mtoto wa Kiambere hana haja ya kufundishwa nyama ya mbuzi ikoje. Rangi anaijua, harufu anaijua, na mbuzi mzee anamtambua kwa mfupa. Asilolijua ni kanuni moja ya lugha ya mahali hapo: kilo ni kilo ya nyama mbichi. Ikitoka motoni itakuwa imepungua sana, na asiyejua hudhani ameibiwa. Ugomvi wa kweli huzuka kutokana na neno hilo moja kuwa na maana mbili, ya mizani na ya sahani.

Dawa ni kuchagua kipande kwa kidole, kukiona kikipimwa, na kukitia alama. Wenyeji hufanya hivyo kwa maneno: "Hiyo yangu ni ya mguu, ina mfupa hapa." Ni maelezo ya utambulisho, sawa na mfugaji anavyoeleza mbuzi wake aliyepotea. Mwuza bucha akikubali mazungumzo hayo bila kununa, kaa. Akisema, "Wewe keti, tutakuletea nzuri," toka.

Hata muundo wa "nyama choma" una jambo la kumfaa mwanafunzi wa sarufi. Sarufi sanifu ingetaka nyama ya kuchoma au nyama iliyochomwa; mazoea yamedondosha kihusishi na kiambishi, yakabaki mashina mawili yaliyogandamana. Vivyo hivyo nyama karanga na chai maziwa. Sisi hatuoni uharibifu hapa. Tunaona nomino ambatani zinazozaliwa mahali penye haraka.

6.0 Akivuka Namanga

Sajili tuliyoieleza si ya Afrika Mashariki nzima, na yule aliyejifunza kula kwa masikio Nairobi atahitaji kuanza upya Dar es Salaam. Mifano miwili yatosha.

Mboga, kwa mtu wa bara la Kenya, ni majani: sukuma, managu, kunde. Nchini Tanzania mboga ni chochote kinachoteremsha ugali, nyama na samaki wakiwemo, yaani kile ambacho kwingine huitwa kitoweo. Mkenya aulizwaye "Mboga gani?" na akajibu "Sitaki mboga" huletewa ugali mtupu, naye mhudumu hana kosa lolote.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Kitimoto si kiti wala si moto; ni nyama ya nguruwe. Jina hilo la mafumbo limeenea Tanzania nzima na mwenyeji wake, Mwislamu kwa Mkristo, analijua. Mwislamu mgeni kutoka Kenya halijui. Akiliona limeandikwa ubaoni kati ya kuku na mishikaki, hakuna sauti wala umbo la neno litakalomwonya. Hapa msamiati unagusa imani ya mtu, na kamusi ya shule haitamsaidia. Wanaoandaa vitabu vya isimujamii wangefanya wema kuyaingiza maneno kama haya badala ya kurudiarudia kuku ni nani.

7.0 Mahali sikio linapofikia mwisho

Yapo mambo ambayo sajili haiyasemi. Maji ya kunawa, choo, nzi na mikono ya apakuaye ni kazi ya macho. Sheria ya Kenya humtaka kila ashikaye chakula cha kuuza apimwe afya, na cheti chake hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Mgeni atazame ukutani aone tarehe. Vibanda vingi vyenye mazungumzo matamu havina maji ya bomba, na hilo si jambo la kufumbiwa macho kwa sababu ya ushairi wa "iliisha jana".

Lakini yeyote asidhani kwamba bei ndiyo kinga. Mwaka wa 2017 kipindupindu kiliwakuta watu waliohudhuria mkutano katika hoteli ya kifahari jijini Nairobi, na Julai mwaka huo mawaziri wawili wa serikali walilazwa hospitalini kutokana na ugonjwa huo baada ya kula katika maonyesho ya kibiashara kwenye ukumbi wa KICC. Vitambaa vyeupe havikuwakinga. Katika nyumba za namna hiyo mteja hana hata fursa ya kusikiliza: jiko liko mbali, maagizo huandikwa na kupelekwa kimya, na orodha imeandikwa kwa Kiingereza chenye vipande vya Kifaransa. Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 katika kifungu cha 7 inakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, hubakia kuwa lugha ya kumwita mhudumu na kumpa bakshishi. Wasomaji wa jarida hili hatuna budi kujiuliza sisi wenyewe huagiza kwa lugha gani tukaribishwapo huko. Mtu anayeagiza kitu ambacho hawezi kukitaja kwa lugha yake hana namna ya kuuliza kama ni cha leo.

Tungependa pia kutaja nyumba za chakula za jamii mbalimbali jijini, maana huko sajili ina sauti zaidi ya moja. Eastleigh, kwa Wasomali, ndizi mbivu huletwa pamoja na wali bila kuagizwa, na mgeni huishangaa akidhani ni ya mtu mwingine. Katika nyumba za vyakula vya Kiluo samaki huletwa mzima na kichwa chake, na anayetoka kwenye bwawa la Kiambere atalitazama jicho la samaki huyo kama alivyozoea nyumbani. Jicho na matamvua anaweza kuvikagua akiwa mbichi, lakini akishakaangwa vizuri huwa hakuna mjuzi. Ndiyo sababu "samaki imeisha" ni jibu analopaswa kulipenda kuliko samaki.

8.0 Kazi kwa wanafunzi

Kwa kuwa data iliyopo kuhusu sajili hii katika vitabu vyetu ni ya kutungwa, na hata yetu hapo juu ni ya kutungwa kwa kufuata mtindo, tunapendekeza kazi ifuatayo kwa darasa la isimujamii la mwaka wa pili au wa tatu.

Kila kikundi kichague nyumba tatu za chakula: hoteli ya wafanyakazi, bucha ya nyama choma, na mkahawa wenye orodha iliyochapishwa. Kiende kila moja mara mbili, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni. Kihesabu mara ambazo neno imeisha au linalolingana nalo linatamkwa, mara ambazo mteja anaitwa kwa chakula, na mara ambazo vionyeshi vya mazoea vinatumika pasipo maelezo. Kilinganishe hesabu hizo na idadi ya vyakula vinavyotolewa. Tunatabiri kwamba pale vyakula vinapozidi kumi na tano au hivi, "imeisha" hutoweka na jina la mteja hubadilika kuwa namba ya meza. Yeyote atakayepata matokeo tofauti na ayalete yachapishwe.

Ruhusa ya mwenye nyumba iombwe kwanza, na sauti za watu zisirekodiwe kwa siri. Majina ya wahudumu yasiandikwe. Kikundi kinunue chakula kabla ya kufungua daftari, kwani nafasi ya benchi saa saba mchana ndiyo riziki ya watu hao. Na atakayefanya kazi hii Embu au Kiritiri badala ya Nairobi asiache kuandika lugha ya kila hatua ya agizo, kwa maana huko agizo moja laweza kuanza mezani kwa Kimbeere, likapitia Kiswahili kwa mhudumu, na kufika jikoni kwa Kikamba.